Kigae cha Moto cha Mama Naftali

Rebeka mwanangu,

Kabla hujapanda basi kesho, ujue barua hii umeandikiwa na mtu ambaye bila yeye mji wa Babati ungekuwa chini ya maji. Sijisifu, nasema lililotokea. Mwaka ule ziwa lilipofurika likafika mpaka kwenye migomba ya watu, ni mimi niliyemwonyesha bwana wa ujenzi pale pa kuchimba mfereji, na viboko waliponiona nimesimama na jembe walirudi wenyewe kwenye kina. Mkubwa mmoja wa serikali alinishika mkono mbele ya umati. Wapo wanaosema alikuwa anamshika mkono mtu aliyesimama nyuma yangu, lakini hao ni watu wa wivu, na wengi wao wameshakufa.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akiketi chini na kalamu, ujue ana jambo. Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala za kutokulala kwenye basi, wala za kuchagua marafiki. Bibi yako amekuambia hayo yote tangu Jumapili, na mengine ameyarudia. Mimi nataka kujibu neno ulilolisema ulipokuwa unaosha vyombo, siku tuliyotoka kumzika Mzee Gwandu.

Nilikuwa nimeketi mlangoni nachonga mpini wa jembe. Ukaniambia bila kugeuka, "Mjomba, mtu kama mimi nikaguse wagonjwa?"

Nikasema, "Mtu kama wewe ana nini?"

"Usijifanye, Mjomba. Nimewasikia kina mama mazikoni, walikuwa nyuma yangu. Wanasema Mama Naftali alibeba mauti mgongoni. Aliyebebwa mgongoni ni mimi." Ukasugua sufuria weee, halafu ukasema, "Chuo cha uuguzi nitakwenda kwa sababu jina limetoka. Lakini huku sirudi. Nisije nikammaliza na Bibi."

Mimi, ambaye maneno hayajawahi kuniishia tangu nimezaliwa, niliendelea kuchonga mpini ule mpaka ukawa mwembamba kama wa mwiko. Tangu siku hiyo unakula kwenye sahani yako, pembeni, na unaiosha peke yake. Unadhani hatuoni. Bibi yako anaona, na haoni vizuri.

Basi nisikilize. Nitakuambia mambo yalivyokwenda, na nitajitahidi kutoongeza chumvi, ingawa unajua hiyo ni kazi ngumu kwangu kuliko kupasua mawe.

Ulikuwa na miaka kama tisa. Baba yako alikuwa ameshakwenda mashamba ya kahawa ya Oldeani akapotelea hukohuko, na huyo sitamzungumzia, karatasi ni chache. Hapa Nakwa tulikuwa Bibi yako, mama yako, wewe na mimi. Mama yako alikuwa na mimba kubwa. Alifariki nayo. Yeye alikwenda, na mtoto hakutoka.

Kwa watu wetu tuliotoka juu Mbulu, hakuna kifo kizito kuliko hicho. Wewe darasani umefundishwa mito ya Ulaya, metimani hukufundishwa. Nyumba ikiingia metimani haiingiliwi. Hampewi mkono. Ng'ombe wenu hawachanganywi na ng'ombe wa watu, kisima cha watu hamchoti, njia ya watu hampiti, na moto hamwazimwi wala hamwazimi mtu. Si kwamba watu wanawachukia. Wanaogopa kwamba kilichowaingia ninyi kitavuka na kwao, kwa maji, kwa mkono, kwa kijinga cha moto. Jirani aliyekula na wewe jana anasimama ng'ambo ya ua wa minyaa anakutazama, machozi yanamtoka, na havuki. Mnakaa hivyo mpaka wazee waseme imekwisha. Inaweza kuwa miezi. Inaweza kuwa mwaka.

Hata kaburi la dada yangu nilianza kulichimba peke yangu. Nimefika magotini, nikasikia mtu anakohoa juu yangu. Ni Mzee Gwandu, kiko mdomoni, sururu begani. Alikuwa mzee wa kanisa, na mimi na kanisa siku hizo tulikuwa tunasalimiana kwa mbali. Na yeye mwenyewe tulikuwa hatusemeshani kwa ajili ya beberu wake aliyekula mihogo yangu.

"Unachimba kaburi au choo?" akaniuliza.

"Ondoka, Mzee. Hii ni metimani."

"Nimesikia. Sogea, unanizibia."

Akaingia shimoni. Tulichimba mpaka jua likageuka, na hakusema neno jingine ila kulalamikia udongo. Tulipomaliza kufukia alivua kofia akasema, "Bwana, huyu ni Elizabeti, unamjua. Amina." Nimesikia maombi mengi tangu siku hiyo, mengine yanaanza asubuhi na kuishia watu wanasinzia. Hakuna lililonishika kama lile. Aliondoka bila kuniaga, kwa sababu beberu alikuwa bado yuko kati yetu.

Sasa tufike kwenye moto.

Miaka ile unaikumbuka kidogo, ilikuwa ya foleni. Sukari, sabuni, chumvi, vyote vilikuwa majina tu. Tulifua kwa majivu na majani ya mpapai. Lakini adimu kuliko vyote kilikuwa kiberiti. Duka la ushirika lilikaa bila kiberiti mpaka watu wakasahau sauti yake, na walanguzi nao, ambao walikuwa na kila kitu chini ya kitanda, kiberiti hawakuwa nacho. Nakwa nzima iliishi kwa kuazimana moto. Ukiamka unatoka nje, unatazama paa la nani linafuka moshi, unakwenda na kigae cha chungu, unapewa makaa mawili matatu, unarudi mbio unapuliza. Nani angetuazima sisi?

Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa moto wetu. Nilimwambia Bibi yako alale bila wasiwasi, kwamba zamani nilikuwa kambini na nililinda moto wa watu mia mvuani mpaka mkuu wa kambi akataka kunipa cheo. Asubuhi moja niliamka nikakuta majivu. Nikachimbua kwa vidole mpaka kwenye udongo. Baridi. Nilikuwa nimelala, mjomba. Hakuna maelezo mengine. Na wewe ulikuwa umeanza homa, umejikunja kwenye ngozi, meno yanagongana, mvua inanyesha.

Nilipekecha vijiti mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kuni zilikuwa zimelowa, hata moshi hazikutoa. Nikaenda kwenye minyaa, nikamwita jirani yetu wa juu.

"Jirani! Nirushie hata kaa moja, mtoto anakufa kwa baridi!"

Akatoka, akasimama mbali. "Ndugu yangu, nikikurushia ni sawa na kukuazima."

"Basi liangushe kama limekuponyoka. Mimi nitaliokota, wewe hutajua."

Akafikiri. Nakuambia kweli alifikiri, nilimwona anatazama mlango wake, anatazama wangu. Halafu akasema, "Nina watoto," akaingia ndani. Simlaumu. Jina lake unalijua, usimlaumu na wewe.

Kulipopambazuka vizuri ndipo nikamwona mwanamke anakuja na njia yetu, njia ambayo nyasi zilikuwa zimeanza kuifunga. Mfupi, mpana, ameinama kukinga kitu na mvua kwa upande wa khanga. Mama Naftali. Unamkumbuka sura, sijui kama unamkumbuka sauti. Kwenye kwaya ya kina mama alikuwa anaanza kabla ya wenzake na kumaliza baada yao. Tumbaku ya kunusa alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, anadhani mwinjilisti hajui.

Ukitaka makosa yangu, anza kuandika hapa. Nilimpigia kelele. "Rudi! Mama Naftali, rudi kwa watoto wako!" Hakusimama. Nikaokota bonge la udongo nikamtupia. Lilimpata begani, likapasuka. Mtu aliyeniletea uhai wako kwenye kigae nilimpiga kwa udongo, na nilifanya hivyo kwa wema, ndivyo tulivyofundishwa wema.

Akajifuta. "Ulilenga kichwa?"

"Nimelenga miguu!"

"Shabaha yako kama hadithi zako," akasema, akanipita akaingia ndani.

Aliweka makaa yake kwenye mafiga yetu, akayafunika kwa manyasi makavu aliyoyatoa kifuani, akapuliza mpaka yakawaka. Akakugusa paji la uso. Halafu akamwambia Bibi yako, "Mama, nipe maji ya kunywa."

Bibi yako akasema, "Maji ya wageni hatuna."

"Kata hiyo naiona."

Akachota mwenyewe kwenye mtungi wetu, akanywa mbele yetu, akakunja uso. "Ya ziwani haya? Yananuka kiboko."

Bibi yako alikuwa hajalia tangu msiba. Siku hiyo alilia.

Mama Naftali alikuja tena kesho yake, na kesho yake tena, hata moto wetu ulipokuwa hauna shida. Alikuja giza halijaisha kutoka, na kigae chake. Siku moja nikamwuliza, kwa kejeli kidogo maana ndivyo nilivyo, "Ninyi wa kanisani mmeshaambiwa metimani haipo, ndiyo maana huogopi."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nani kakuambia haipo? Mimi nimelelewa nayo kama wewe. Naiogopa mpaka tumbo linanikata."

"Sasa mbona unakuja?"

"Mbona nakuja alfajiri?" akaniuliza na yeye. "Nikingoja jua litoke nitaanza kufikiri. Na mimi najijua, nikishafikiri siji."

Neno hilo sikulielewa siku hiyo. Nilidhani watu wa imani wana kitu kifuani ambacho sisi wengine hatukupewa, kama vile mtu anavyozaliwa na sauti nzuri. Kumbe alikuwa na tumbo linalokatwa kama langu.

Na alilipa. Paa lake lilifuka moshi kila asubuhi na hakuna aliyekwenda na kigae. Moshi wake ukawa kama wetu. Niliambiwa baadaye kwamba hata kanisani kina mama wa kwaya walimwachia nafasi kwenye benchi, kushoto nafasi, kulia nafasi, anaimba katikati kama jino lililobaki. Mwinjilisti alimtetea kwenye mahubiri, lakini alipompa mkono mlangoni alimpa ncha za vidole.

Homa yako ikazidi. Siku uliyozimia mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeteremka ziwani kuchota, na njiani nikamkuta kiboko amelala, tukatazamana mpaka yeye ndiye aliyepepesa macho kwanza. Hapana. Hakukuwa na kiboko. Nilichelewa kwa sababu niliketi kwenye matete nikalia, na nilipomaliza kulia sikutaka kurudi nyumbani. Niliporudi nilikuta ngozi tupu.

Mama Naftali alikuwa amekufunga mgongoni kwa khanga, akapita njia ya watu, katikati ya mashamba, mchana, kila mtu akiona. Watu waliingia ndani wakafunga milango. Alipofika barabarani, Mzee Gwandu alikuwa anasukuma baiskeli yake, ile ambayo mipira ya ndani ilikuwa imekufa akashindilia nyasi kwenye matairi. Gari la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina mafuta. Mzee akakuweka kwenye kiti cha nyuma, Mama Naftali akakushika mgongo, wakakusukuma mpaka mjini. Sikiliza hapo, mjomba. Wote wawili walikushika. Mikono minne. Hao wanaosema nyuma yako mazikoni wanahesabu miwili tu.

Ulipona. Masika hayakwisha, Mama Naftali akaugua.

Homa ya masika yale ilikata watu. Hospitali ilikuwa na madaktari na vitanda, dawa ndiyo haikuwepo, ukipelekwa unaambiwa ununue, na pa kununua hakuna. Ilichukua watu wa mjini ambao hawajui hata Nakwa iko upande gani. Na yule jirani yetu wa juu, aliyesema nina watoto, alizika mmoja. Hakuwahi kuvuka minyaa hata siku moja. Hakutugusa, hakunywa maji yetu, kaa lake hakuliangusha. Alizika. Nilisikia majembe nikashindwa kwenda kuchimba, kwa sababu bado nilikuwa metimani, na yeye hakuwa Mzee Gwandu wala mimi sikuwa.

Nilikwenda mara moja kumwona Mama Naftali. Sikuingia, nilisimama nje chini ya dirisha, upande wa migomba.

"Nani huyo anapumua kama ng'ombe?"

"Ni mimi."

"Mtoto?"

"Anatembea. Jana amekula ugali wa unga wa njano akaomba tena."

"Basi kapona kweli. Ugali ule mgonjwa hauli." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikwisha. Nikasubiri. Kisha akasema, taratibu, "Watasema."

"Watasema nini?"

"Usijifanye mtoto. Watasema ni ninyi. Wewe una mdomo mkubwa kuliko ziwa. Siku hiyo uutumie."

"Nitautumia," nikasema. "Watanikoma."

Nikadhani kalala. Akasema, "Naogopa kidogo." Mtu anayejua kila kitu alisimama chini ya dirisha akakwangua udongo wa ukuta kwa kucha. Halafu mwanawe Naftali akatoka akaniona, akaniambia niondoke, na hakuniambia kwa adabu.

Alikufa wiki hiyohiyo.

Siku ya mazishi mimi na Bibi yako tulisimama nyuma ya minyaa, tunaona wao, na wao wakijua tuko pale. Walizika. Baada ya kuzika, sufuria la maharage lilikuwa linachemka kwenye jiko la marehemu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Lilichemka likakauka maji, likaongezwa, likachemka tena. Watu wametoka mbali, wana njaa, wanautazama ule moto. Moto ulikuwa ndio uleule, uliokuwa unakuja kwetu. Nikasikia mtu anasema, bila kunong'ona, "Alibeba mauti mgongoni." Mwingine akasema, "Mtoto wa Elizabeti."

Ndipo pa kutumia mdomo. Niliufungua, mjomba. Upepo tu ukaingia. Nilifikiri: wakinigeukia? Nilifikiri: metimani yetu ikiongezwa? Nilifikiri, nilifikiri, na nilipomaliza kufikiri nafasi ilikuwa imepita. Mahali pote nimesema, sokoni, kwenye pombe, mbele ya serikali. Pale nilikaa kimya.

Aliyeinuka ni Mzee Gwandu. Akaenda mpaka jikoni akachuchumaa, magoti yanalia. Akatoa kiko. Kiko kile mwinjilisti alikuwa amemkataza kwa miaka.

"Mwinjilisti, leo utanisamehe," akasema.

Akaokota kaa la moto kwa vidole, vile vidole vyake vya kwato, akaliweka kwenye kiko, akavuta. Watu wote wanamtazama. Akatoa moshi. "Moto mzuri," akasema. "Kuni za mgunga." Akavuta tena. "Mnaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini kiberiti hakuna mpaka Arusha, na mimi leo sili kiporo cha baridi kwa sababu ya ninyi."

Hakuna aliyecheka. Akavunja kigae kwenye chungu kibovu kilichokuwa pale, akapakua makaa, akaondoka nayo nyumbani kwake, polepole, katikati ya watu, wakimpisha.

Kisha mama mmoja wa kwaya, mmoja wa wale waliokuwa wanaacha nafasi kwenye benchi, akasimama akaenda kuokota kigae. Makaa yakamwangukia miguuni. Akayaokota. Akaja mwingine. Sitakudanganya kwamba walikwenda wote. Wengi walirudi nyumbani na njaa yao. Lakini jioni ile nilihesabu mapaa yanayofuka moshi wa Mama Naftali, na hayakuwa machache.

Bibi yako, ambaye kanisa alikuwa haliwezi, aliniambia palepale nyuma ya minyaa, "Huyu Mungu wao ana watu wakaidi." Halafu akasema, "Nataka kumjua." Pasaka iliyofuata alibatizwa.

Mwaka mwingine nyumba ya bondeni iliingia metimani. Nilitoka asubuhi kabla ya jogoo wangu, nikaona njia ya bondeni ina cheche nyekundu zinatembea. Walikuwa kina mama na vigae vyao. Hakuna aliyewatuma. Nami nikachukua kigae nikaenda. Nilikwenda upesi, sikujipa nafasi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, Rebeka. Nilifika darasa la tano, na la tano lenyewe nililiacha katikati kwa sababu mwalimu alichoshwa na maswali yangu, au mimi nilichoshwa na fimbo yake. Mengine niliyonayo nimeyaokota kwa watu wawili waliokufa.

Sasa, sikuambii metimani haipo. Ningekuambia hivyo ungejua nadanganya, maana hata leo nikivuka mpaka wa nyumba ya msiba wa namna ile nywele zinanisimama. Mzee Gwandu alichimba nami kaburi la mama yako, alikusukuma kwenye baiskeli, alivuta moto ule, na aliishi mpaka mwaka huu akibishana nami juu ya beberu ambaye alishaliwa zamani. Jirani hakufanya hata moja na alizika mtoto. Hesabu hiyo ijumlishe wewe uliyesoma.

Lakini hata kama ungeijumlisha vibaya, kuna jambo linanikera. Ukisema wewe ndiye uliyemuua Mama Naftali, unamnyang'anya kitu chake. Unamfanya awe kama mtu aliyeangukiwa na mti. Hakuangukiwa. Alikuja kwa miguu yake, akiogopa, akijua watasema, akapigwa na bonge la udongo na bado akaingia. Kitu chenyewe alichokuwa nacho ni hicho. Hakuacha shamba wala ng'ombe wa maana. Usimchukulie hicho.

Na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Naftali hajanisamehe. Tukikutana sokoni anaitikia shikamoo za watoto, mimi ananipita. Huenda na wewe atakupita mpaka uzeeke. Ana haki. Mama yake alikuwa mmoja tu. Usimwendee kumwomba msamaha kwa kosa ambalo si lako, utamwongezea uchungu. Mpe salamu, upite.

Huko unakokwenda utawekewa mgonjwa mbele na mkono wako utakataa. Sijui watakufundisha nini kuhusu hilo. Wenye vitabu wana maneno yao. Mimi ninachojua ni mwanamke mfupi, anayeficha tumbaku, ambaye tumbo lilikuwa linamkata kila asubuhi.

Kesho kabla ya kutoka tutakunywa uji. Bibi yako ameshasema utatiwa kwenye bakuli moja, lile kubwa, na tutapokezana. Ukileta kikombe chako atakipasua, na unajua hatanii, na vikombe siku hizi ni ghali. Halafu uende. Ukimaliza chuo urudi, au ukipangiwa mbali uje likizo. Bibi yako akifa, atakufa kwa sababu ni mzee. Nimemwuliza, amekubali.

Limebaki jambo dogo, na ningependa lisifike kwa watu wa Nakwa, kwa heshima niliyonayo. Kile kiatu chako cha kushoto, ulichokitafuta tangu mchana mpaka ukampiga mbwa, mbwa hakukichukua. Kiko kwenye kihenge, chini ya mahindi, upande wa ukutani. Nilikificha mimi. Nilidhani basi haliwezi kumchukua mtu mwenye kiatu kimoja.

Mjomba wako